Miezi Miwili ya Baba

Harufu ya nailoni mpya hunirudisha mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, China, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka tisa. Baba alikuwa mfanyabiashara wa Dar, na chumba chetu cha ghorofa ya tatu alikijaza marobota ya nguo hata kitandani tukawa tunafika kwa kuruka. Lifti ilikuwa ndogo na Baba hana subira, basi marobota aliyashusha dirishani kwa kamba, kama walivyofanya yeye na wenzake kwenye ghala lao Kariakoo. Mama alisema kila mara, "Baba Zuhura, iko siku utaua mtu." Baba hucheka: "Acha uchuro, mke wangu!"

Asubuhi moja kamba ikakatika. Robota likamwangukia mzee Liang, msukuma mkokoteni aliyetubebea mizigo, akafa palepale. Polisi wakamchukua Baba. Mjane wa Liang akaja kukaa kwenye ngazi zetu, analia na kupiga kelele, jirani akatutafsiria: anataka Baba afungwe kama muuaji yeyote. "Hakukusudia, jamani!" Mama akasema. Mimi nilimchukia yule mjane, nasema kweli. Nilimtaka baba yangu, basi.

Baada ya wiki mbili wakamwachia. Ni ajali, walisema. Nikarukaruka kwa furaha. Baba hakucheka. Alianza kufunga kafara, miezi miwili mfululizo, kama dini yetu inavyomtaka aliyeua bila kukusudia. Siku ya hamsini na moja homa ikamlaza, akala. Alipopona akaanza upya, siku ya kwanza. Mama alimwambia ugonjwa ni udhuru, aendelee alipoishia. "Na mjane wa Liang ana udhuru gani wa kuacha kulia?" akamjibu.

Miaka yote nilishikilia kwamba ajali si kosa la kumfunga mtu jela. Mwaka jana, hapa Dar, dereva wa lori alirudi nyuma bila kuangalia, akamuua mdogo wangu Salim. Hakukusudia, najua. Lakini mahakamani, wakili wake alipotamka "ajali", nilitamani kumziba mdomo. Nje nilikuta binti wa dereva, kama miaka tisa hivi, amesimama na chupa ya chai ya baba yake. Alinitazama kwa chuki tupu, nami chuki ile naijua. Bado nataka baba yake afungwe. Nilikaa kwenye benchi, nikasogea ili naye akae. Hakukaa. Mimi pia nisingekaa.