Onajite na Beseni la Kambare

Onajite aliuza kambare katika soko la mji wa Ughelli, aliowafuga mwenyewe bwawani nyuma ya nyumba. Mteja akitaka wa supu ya pilipili, Onajite aliwatia kwenye beseni wakiwa hai, akawamwagia chumvi, akafunika, akakalia kifuniko mpaka watulie. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo soko zima lilivyofanya. Chumvi iliwaua, ikaondoa na utelezi.

Siku moja, Onajite akiwa amekalia kifuniko, Edirin, jirani yake wa meza, alikuwa akimsimulia harusi ya binamu yake: wakwe waligombana, gari la bibi harusi likanasa matopeni. Walicheka mpaka machozi. Masimulizi yakaisha, na Onajite akasikia wale kambare bado wanagonga kifuniko chini yake. Kicheko kikamkauka. Akainuka na kufunua. Walikuwa wamejikunja, midomo ikifunguka na kufumba.

"Muda wote huo walikuwa hai?"

"Si samaki hao? Kaa, watanyamaza," Edirin akamjibu.

Hakukaa tena. Alimwomba seremala amchongee rungu fupi la mti mgumu. Pigo la kwanza lilikwenda kombo. Kambare akaponyoka, akaangukia mapajani mwa mteja.

"Mama Ufuoma, umeingia ndondi siku hizi?" Edirin akamtania, akimwita kwa jina la mwanawe, na meza zote zikacheka. Mteja wake wa miaka mingi akahamia kwingine, akisema hana muda wa michezo. Onajite aliumia, lakini hakurudi nyuma. Akajifunza kumshika samaki kwa kitambaa kibichi na kumpiga juu kidogo ya macho. Pigo likifika pale, samaki alilegea papo hapo. Chumvi ilikuja baadaye, kwa ajili ya utelezi tu.

Msimu wa mvua Edirin alipata oda kubwa ya msiba. Alishika chumvi, akaiweka chini, akaja kwa Onajite.

"Dada, nipigie hawa. Nikikalia kifuniko siku hizi nasikia lile swali lako la siku ile."

"Sikupigii. Shika rungu, nikuelekeze."

Edirin alipiga sawasawa. Akamtazama samaki aliyelegea, kisha akamchukua wa pili.

Wapo sokoni ambao bado wanakalia vifuniko. Onajite hagombani nao. Anayetaka kuazima rungu anampa. Mwenyewe ameshachimba bwawa la pili, akahamishia nusu ya kambare huko, kwa sababu walikuwa wanabanana na kutafunana ndevu. Vidonda vyao vimeanza kupona. Asubuhi akiwatupia chakula, wanakuja bila kupigana.