Gazeti Lililomfanya Maman Véro Mchawi

Harufu ya wino kwenye karatasi laini ya gazeti hunipandisha hasira hadi leo. Nikiwa kwenye foleni ya kulipia dukani, maziwa mkononi, naiona safu ya magazeti ya udaku kando ya peremende: malkia analia, mwimbaji ameachwa, daktari amegundua tunda la kuyeyusha kitambi. Mnayajua. Yamewekwa pale makusudi, mahali ambapo mtu hana la kufanya ila kutazama.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, tulipokuwa tukiishi Berchem-Sainte-Agathe, huku Ulaya, mama yangu alinunua moja kila Jumamosi pamoja na kuku na vitunguu. Alidai ni kwa ajili ya Kifaransa changu. Uongo mtupu. Alasiri wanawake wa kikundi chake cha maombi, wote wa Lubumbashi, walikuja kusukana sebuleni kwetu. Kusoma walijua, ila mikono yao ilikuwa kwenye nywele, basi mimi, msichana wa miaka kumi, nilisimama katikati nikiwasomea kwa sauti. Talaka za wafalme wa Ulaya tulizijua kuliko za majirani zetu.

Jumamosi moja nilifungua ukurasa wa kati nikakuta soko letu la Jumapili la Gare du Midi. Kichwa cha habari kilisema uchawi wa Kiafrika unauzwa mchana kweupe. Pichani mwanamke alikuwa ametugeuzia mgongo, amevaa kitenge cha sare ya kikundi, na kando yake beseni la dawa za kulogea waume. Dawa zenyewe zilikuwa bishimu, wale viwavi wakavu tunaowakaanga kwa nyanya na kitunguu! Kila mwanamke mle ndani alikuwa nao jikoni kwake.

Meza waliitambua mara moja. Ilikuwa ya Maman Véro, rafiki kipenzi wa mama, aliyeuza samaki wakavu na bishimu pale sokoni. Siku hiyo hakuwa amekuja kwetu. Yule aliyekuwa akisukwa akasema, "Balisha andika mu journal, donc njo kweli," yaani gazeti likishaandika, basi ni kweli. Mwingine akaongeza kwamba lisemwalo lipo. Methali hiyo sijaipenda tena. Mama aliendelea kusuka, hakuinua uso.

Niseme wazi. Walikuwa watu wazima, wengine na diploma zao, wanaokula bishimu tangu utotoni, wakaamini bishimu ni uchawi kwa sababu tu imechapishwa. Meza ya Maman Véro ikakosa wateja. Kwenye matanga ya mzee mmoja kule Saint-Josse alileta sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo, kama kawaida yake, akaondoka nayo imejaa. Nilimwona akiifunga vizuri kwa taulo bila kumtazama mtu. Gazeti halikuomba radhi, na wiki iliyofuata mama alilinunua tena.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja mama aliponiambia, huku akichambua maharage, kwamba mwanamke wa pichani alikuwa yeye. Maman Véro alikwenda kutafuta choo, naye akamshikia meza kwa dakika chache. Nilimfokea mama yangu, Mungu anisamehe. Kisha nikapanda basi hadi kwa Maman Véro kumuuliza kama alijua.

Alijua tangu siku ya kwanza. Alinikaribisha, akanimiminia chai, akasema bila haraka, "Mama yako alikuwa anangojea papiers za kuishi huku. Kama bangejua ni yeye alikuwa nauzisha, bangemurudisha Congo, na weye pamoja naye. Alors, ningesema nini?"

Sikuweza kuimaliza chai ile. Miaka yote nililichukia gazeti, na bado nalichukia, na wanaoliuza, na wanaolinunua. Lakini njiani kurudi nyumbani niliikumbuka habari ile neno kwa neno, maana niliyeisoma ni mimi. Haikutaja jina la mtu. Ilisema tu mwanamke mmoja wa Kiafrika. Jina la Maman Véro tulilitia sisi, sebuleni kwetu, mama yangu akisikia.