Mzinga wa Shangazi na Makopo ya Mawese

Miaka ya hamsini nilirudi mjini Baraka, Kongo, na diploma ya kilimo, ya kwanza katika ukoo wetu, niliyojilipia kwa kubeba mizigo. Nilikuta siafu wamemaliza mizinga ya nyuki ya shangazi yangu, umebaki mmoja. Alitaka kuunyunyizia dawa ya wadudu wa pamba.

"Shangazi, dawa itaua na nyuki."

"Basi siafu basomee hiyo diplome yako, batoke!"

Nikauweka mzinga juu ya meza ya miti, kila mguu ndani ya kopo la mafuta ya mawese. Siafu walikuja, wakazunguka makopo, wakashindwa kuvuka mafuta, wakaenda zao. Msimu wa asali shangazi alipita kwa majirani na bakuli lililojaa.

"Muonje diplome ya mutoto wangu," alisema.