Kibali cha Jino la Papa

Asubuhi hiyo niliondoka Tunduma bila kujua niendako, nikapanda lori la kwanza lililokuwa na nafasi. Mfukoni nilikuwa na jino la papa wa kale lililogeuka jiwe, zawadi ya dereva mmoja. Kwenye kizuizi cha mifugo karibu na Kamsamba, mkaguzi alilikamata.

"Kibali cha mnyama huyu kiko wapi, kaka?"

"Alishatoweka duniani zamani sana, mkuu."

"Kwa ugonjwa gani?"

Hakuwa akitania. Fomu ilitaka aina ya mnyama. Bila hiyo, jino lingechomwa moto kama nyama ya magendo. Lori likaniacha. Nikamwonyesha makali yaliyochongoka kama msumeno, na vijino viwili pembeni mwa mzizi. Nikamweleza kwamba papa mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi, akishakomaa, hana vijino hivyo. Kwa hiyo huyu ni babu yake.

"Au mtoto wake," alisema. "Kwani ndama ana meno ya ng'ombe mzima?"

Jioni alinipeleka kwake tuendelee kubishana. Jino lililala mezani, bado mahabusu. Mimi nilipewa kitanda katikati ya magunia ya mpunga.