Pampu ya Muda Niliyoikataa

Nilimnyima mke wangu nafuu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Saratani ilikuwa imeingia kwenye uti wa mgongo. Vidonge vilishagonga mwamba. Kulala chali hawezi, kukaa hawezi.

Daktari akatuwekea pampu mbili mezani. Zote kazi yake moja: kupeleka dawa mgongoni kidogo kidogo kwa mrija mwembamba.

"Hii inabaki nje, anaivaa kiunoni. Naiweka leo, keshokutwa mnarudi nyumbani. Ila ni ya muda. Ikikaa miezi mingi, wadudu wanapita kwenye mrija."

"Na hiyo nyingine?"

"Hii inafukiwa chini ya ngozi ya tumbo. Ni ya miaka. Lakini inaagizwa mbali, na ni upasuaji, lazima kidonda kipone."

Sasa mimi ni fundi wa pampu za maji. Shule niliishia darasa la sita, ila pampu naijua. Miaka ishirini na sita nawaambia wateja: ukifunga cha muda, wiki ijayo utaniita tena.

"Weka ya kudumu," nikasema.

Daktari akamgeukia mke wangu. "Mama, wewe unasemaje?"

Akacheka kidogo. "Daktari, umekaa na fundi halafu unaniuliza mimi? Fanya anavyosema."

Nikavimba kichwa.

Tukasubiri mzigo. Kila siku alikuwa analilia kwenye taulo, watoto wasimsikie. Mimi namshika mkono, yeye ndiye anayenibembeleza.

"Usijali, baba watoto. Vitu vizuri vina foleni."

Pampu ikaja, ikawekwa. Ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Lakini kidonda kilimfunga wodini, na siku anatoka alikuwa amebaki macho tu.

Tulipomaliza kuzika, mdogo wake akanifuata karakana.

"Shem, hili limenikaa kooni. Dada alikuwa anajua. Daktari alishamwambia wakiwa wawili kwamba amebakiza wiki chache. Akamshauri achukue ile ya nje."

"Sasa mbona alinyamaza?"

"Nilimuuliza. Akasema, 'Nikichagua ya muda, atajua naondoka. Mwache kwanza aamini.'"

Nikakaa juu ya boksi la vipuri.

Wewe unayesoma, ukiwa na mgonjwa na daktari akaleta machaguo, funga mdomo. Toka nje kabisa. Mwache anayeumwa aulizwe peke yake, maana mbele yako atachagua kinachokutuliza wewe.

Tulisubiri pampu siku kumi na tisa. Wodini siku nane. Kwa ile ya nje, angekaa nyumbani siku ishirini na sita bila maumivu, na watoto wake.

Alikaa moja.