Saa ya Uswisi Mezani kwa Sadalla

Sadalla hutengeneza saa mtaa wa Usagara, barazani, kwenye meza yenye kioo kilichopasuka na kuzibwa kwa gundi. Ufundi alirithi kwa baba yake. Ukali alijitafutia mwenyewe. Simu zimemlia riziki, sasa anabadilisha betri na kukata mikanda, huku akitazama picha za saa za Uswisi kwenye simu hiyo hiyo anayoilaani. Kiwanda kimoja cha huko kilipotoa saa mpya za kusherehekea miaka yake mia na hamsini, alimwonyesha kila mpita njia, akianza na mimi muuza kahawa jirani yake, kama anayeonyesha picha ya mchumba. Hakutegemea kushika hata moja.

Moja ilikuja Jumatatu, baada ya swala ya alasiri, mkononi mwa Mzee Uweso, mwenye baraza ile. Nyuma yake alikuja mkazamwana wake Mastura, mke wa mwanawe baharia, Mudathir, na begi la nguo zake.

"Shikamoo, mzee," Sadalla alisema.

"Marahaba. Fungua hii, uniambie imeharibika vipi. Mudathir kaniletea mwenyewe aliposhuka melini. Sasa tarehe imekwama, na huyu ndiye anayefuta vumbi chumbani kwangu. Kama kaiangusha, nikitoka hapa namrudisha kwao Mabawa."

"Mudathir anasemaje?"

"Kasema niamue mimi."

Mastura alitazama chini. Hakujitetea hata kwa neno moja, na mimi nilimkasirikia. Binti wa watu unapelekwa kuachwa, na mdomo unao.

Sadalla alibana lenzi jichoni, akafungua mfuniko wa nyuma. Hakuona alama ya kuanguka. Aliona kigurudumu cha tarehe kimekatika jino.

Akaigeuza usoni, akaitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa saa kumi na robo, na mshale mfupi ulikuwa kwenye kumi. Kwenye saa zetu sisi wengine, wakati ule mshale huwa kwenye nne, tunausoma kumi bila hata kufikiri. Mzee Uweso huiweka yake kama walivyoweka wazee wake: mdomo ukisema kumi, mshale ukae kwenye kumi. Hata tarehe ilikuwa inageuka magharibi, mshale ukifika kumi na mbili, na jambo hilo lilimfurahisha sana.

Sadalla akatazama baraza, kisha akamtazama mzee. Neno moja tu la Mzee Uweso, na meza ile ingehamia juani. Angeweza kusema hajui, na Mastura angekwenda zake Mabawa.

"Mzee, mwezi uliopita ulikuwa wa siku thelathini, na saa hii huhesabu thelathini na moja. Nani aliirekebisha tarehe?"

"Mimi. Nani mwingine anaigusa?"

"Wakati gani?"

"Kama sasa hivi. Nilipotoka kuswali."

"Ilikuwa ngumu?"

"Kidogo. Nikaikaza."

"Basi hapo ndipo ulipolikata jino la tarehe," Sadalla alisema. "Kwa saa hii, mshale ukiwa kwenye kumi na siku inakaribia kugeuka, meno ya tarehe yameshakamatana. Hairuhusiwi kuguswa. Huko ilikotengenezwa, hiyo ni saa ya watu kulala. Kwako wewe ni alasiri."

Kahawa yangu ilifurika ikazima mkaa, sikuinuka.

Ndipo Mastura alipofungua mdomo.

"Nilikuona, baba. Nilikuwa mlangoni nimekuletea chai."

Mzee alimgeukia taratibu. "Ulijua? Siku zote hizi ninakusema, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona ukanyamaza?"

"Ulisema mbele ya wageni kwamba ni mimi. Ningekataa, ningekuwa nakuita muongo mbele ya hao hao. Wewe ni baba."

Mzee Uweso ni mtu wa kubebewa hata mwavuli. Aliinama, akalichukua lile begi, akalitia begani na kushika njia ya Makorora, ya nyumbani kwake.

"Baba, nipe nibebe," Mastura alimwambia.

"Niache."

"Mzee, na saa?" Sadalla aliuliza.

Hakugeuka.