Kutafuta Dubai Mafuta ya Bunduki za Mlimani

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya Elibariki. Alfajiri moja ya Julai, kwenye kambi yetu ya juu kabisa ya Kilimanjaro, nyati aliwatokea yeye na askari mwenzake wa hifadhi wakiwa doria. Elibariki akalenga, akavuta, bunduki ikatoa mlio hafifu tu, risasi isitoke. Mwenzake akavunjwa paja. Kituo kizima kikasema Elibariki hasafishi silaha, akasimamishwa kazi akisubiri kikao. Mimi ndiye mtunza ghala la silaha, nilijua si mchafu. Nililaumu baridi. Nikachukua likizo niende Dubai kwa Athumani, Mtanga niliyesoma naye, nikatafute mafuta yasiyoganda.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, tulivuka mkono wa bahari kwa mashua kwenda mtaa wa Bur Dubai. Agosti ya huko haina mzaha. Shati lilinigandama mgongoni, na mimi niliyekuja kutafuta dawa ya baridi katika joto lile nilijiona kituko. Athumani alinicheka njia nzima.

Duka tulilolipata lilikuwa la Bwana Nassor, ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Aliuza mafuta ya kila namna, ya cherehani, ya injini, ya bunduki za wawindaji. Nilimweleza kisa chote. Hakunyanyua chupa hata moja.

"Kwanza nambie, ndani ya bolti, pale kinapokaa kipini cha kupigia risasi, mnatia nini?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba natia grisi, nzito, naijaza mpaka inafurika, kama nilivyofundishwa kwenye ghala la pwani kuzuia kutu. Bwana Nassor alinitazama kwa huruma, akanipa kichupa cha mafuta mepesi, akaniambia nikayajaribu kwenye baridi kabla ya kununua zaidi.

Mchana tulikuwa mtaa wa Al Baraha, kwenye ghala la samaki wa barafu anakofanya kazi Athumani. Arbab wake, yaani tajiri wake, alikuwa ametoka. Tulikuwa tumenunua makomeo mawili ya mlango yenye springi. Moja nililijaza grisi. La pili nililifuta kavu, nikalipaka mafuta mepesi kwa ncha ya kitambaa tu. Tukayaacha kwenye chumba cha kugandisha kwa muda wa saa nzima, tukanywa chai.

Tuliporudi, meno yakigongana, nililiachia komeo la mafuta mepesi. Likapiga kwa nguvu. La grisi likajikokota, likafika mwisho bila kishindo. Nilisimama pale nikiona kile kipini cha bunduki ya Elibariki kikijikokota vilevile, kikiigusa risasi bila kuilipua. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona.

"Grisi ile alitia nani?" Athumani akauliza, ingawa alishajua.

"Mimi."

"Basi kaseme wewe, ndugu yangu. Na useme kabla hawajamwita kikaoni. Khalas, hakuna jingine."

Siku ya kurudi, kichupa changu kilichukuliwa uwanja wa ndege, kwa kuwa nilikitia kwenye begi la mkononi kama mshamba. Nilikaa kwenye ndege nikiwa mikono mitupu, na kwa saa zote zile sikupata uongo mzuri wa kumwambia mkuu wa kituo.

Asubuhi ya kikao niliingia wa kwanza. Nilisema kwamba bunduki ilikuwa safi kwa nje, na kilichoigandisha ni grisi yangu ndani. Elibariki akarudishwa kazini. Mimi nikapewa barua ya onyo, na ilinistahili.

Wiki ile nilizifungua bolti zote za kambi ya juu, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, nikazifuta hadi kitambaa kitoke cheupe, kisha nikapaka mafuta mepesi niliyoyapata mjini, utando tu. Nilichojifunza ni kwamba baridi haitaki mafuta mengi. Nilikuwa nimekwenda mbali kulijua hilo, na mwenzetu alikuwa bado kwenye magongo.

Elibariki alikuja kwenye dirisha la ghala kuchukua silaha yake. Nikamnyooshea. Hakuipokea.

"Ifungue tena," alisema taratibu. "Nami nikiona."

Nikaifungua.